Mawe Niliyoyatia Mwenyewe

Daktari wa macho alinirudisha nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nilimwambia maneno ambayo bibi wa wajukuu watano hapaswi kumwambia mtu aliyevaa koti jeupe, naye hakukasirika, aliendelea tu kuandika. Tansiyo yangu, yaani presha ya damu, ilikuwa kumi na tisa, wengine wangesema mia na tisini. Akasema damu ikisukuma hivyo hawezi kupasua jicho, akipasua tutalipoteza. Angerudi kwenye kliniki yetu baada ya miezi miwili. Nikija na kumi na sita au chini yake, atanitoa mtoto wa jicho. Nikija na kumi na tisa tena, basi.

"Basi ni nini?" nikamuuliza.

"Basi ni kwamba sijui nitarudi tena lini hapa, mama, na jicho la kushoto litafika mahali la kulia lilipofika."

Jicho la kulia lilikuwa limefika mahali pa kujua kwamba kumekucha, hakuna zaidi. La kushoto lilikuwa kama dirisha lililopakwa sabuni. Watu niliwajua kwa sauti na kwa mwendo wa miguu.

Niseme wazi kilichonitisha. Kufa tutakufa wote, hilo silo. Niliogopa kuongozwa. Nimeuza maharage soko la Mutakura zaidi ya miaka thelathini, nimezaa, nimezika mume, nimekimbia na watoto mgongoni na nimerudi nao, na katika yote hayo hakuna aliyenionyesha njia. Wiki ile ile mjukuu wangu wa miaka sita alinishika kidole akasema, "Bibi, kuja, choo iko huku." Alikuwa na huruma yake ya kitoto. Nilimwondoa mkono, nikaenda peke yangu, nikagonga mlango kwa paji la uso.

Nyumba yangu iko Ngagara, hapa Bujumbura, moja ya zile nyumba za zamani zinazofanana kama vikombe vya seti moja. Mume wangu aliipata alipokuwa karani wa serikali. Alipofariki nilibaki humo na mjukuu wangu mkubwa, msichana anayesoma chuo kikuu. Tulikuwa wawili na kimya chetu. Halafu ziwa likapanda. Baba yake, yaani mwanangu, alikuwa amejenga kule chini karibu na maji, na maji yakaingia sebuleni kwake, yakakaa. Siku moja asubuhi nikasikia magodoro yanaburutwa barazani kwangu. Mwanangu, mke wake, na watoto wao wengine wanne. Niliwakaribisha. Nani hamkaribishi mtoto wake? Lakini kuanzia siku hiyo hapakuwa na pembe ya nyumba isiyokuwa na mtu anayelia, anayekula au anayetafuta kiatu.

Na mji nao ulikuwa hivyo hivyo. Esansi ya magari ilipotea. Mwanangu ni dereva wa teksi, basi alikuwa anakaa na gari kwenye mstari wa kituo cha mafuta siku mbili, siku tatu, na akirudi na tangi tupu hakuna aliyethubutu kumwuliza kitu. Watu walisimama kungoja basi mpaka barabara ikawa kama imeota ukuta. Maji ya bomba yalikuja yalipotaka. Sukari tuliisikia tu inasemwa. Kila aliyeingia kwangu aliingia na habari, na kila habari ilikuwa mbaya kuliko ya aliyetangulia. Mimi nisiyeona nilizisikia zote.

Kliniki kuna muuguzi mmoja, mwanamke mwenye sauti nzito, asiyebembeleza mtu. Wiki iliyofuata alinifunga ule mkanda mkononi, akapima, akaguna.

"Mama, vidonge unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Nimekwambia nameza."

"Sasa mbona uko unapumua kama mutu mwenye kufukuzwa na imbwa? Kaa pale kwenye benchi minuti kumi. Bila kuongea."

"Niongee na nani? Simjui mtu hapa."

"Uko unaongea na mi, mama."

Nikakaa. Akanielekeza kwa ufupi, kama mtu anayeelekeza njia ya sokoni. Nyayo zote mbili chini. Mikono juu ya mapaja. Mabega yashuke. Pumzi ikitoka, ifuate mpaka iishe, usiivute ya pili, itakuja yenyewe. Mawazo yakija, usigombane nayo, rudi kwenye pumzi. Ndivyo alivyosema. Nilikaa hizo dakika kumi nikiwa na hasira tele, na bado aliponipima tena ilikuwa kumi na nane.

"Umeona? Moja imeshuka juu ya kukaa tu," akasema. "Nyumbani unakaaka?"

"Nyumbani kwangu nani anakaa?"

"We ndiye utakaa. Vidonge unameza, na minuti kumi unakaa, kila siku. Apana siku unayojisikia. Kila siku."

Njiani kurudi nilijiuliza maswali. Mimi naswali swala tano. Tasbihi yangu imelainika kwa kushikwa. Ikiwa kuna mtu wa kufundishwa kukaa na kutulia, ni mimi? Lakini ukweli nausema. Nikitazama nyuma, mwili wangu ulikuwa kwenye mkeka na akili ilikuwa jikoni. Naleta tasbihi, na sikio langu linafuata mafuta yanavyomiminwa kwenye sufuria: hayo yamezidi. Nimeinama kusujudu na nawaza maneno nitakayomwambia mkwe wangu nikiinuka. Mwenyezi Mungu ni mwenye kusamehe, lakini miaka yote hiyo nilimletea kichwa kilichojaa watu wengine.

Mjukuu mkubwa alifurahi aliposikia habari ya dakika kumi. Akasema kwenye simu yake kuna mtu anayefundisha mambo hayo. Tukakaa chumbani kwake mchana, watoto wakiwa shule, akaniwekea vile vidude masikioni. Mwanamke akaanza kusema Kifaransa, polepole, kama anayembembeleza mgonjwa. Mjukuu akawa ananitafsiria.

"Anasema ufunge macho, bibi."

"Yamejifunga yenyewe."

"Anasema uwaze uko pembeni ya maji. Maji imetulia. Inakuja polepole, inafika kwenye miguu yako..."

"Zima."

"Bibi, ngoja, haijaisha."

"Mwanangu, zima hicho kitu. Maji yalikuja polepole yakafika kwenye miguu ya baba yako. Sasa analala kwenye sebule yangu na matope bado yako kwenye sofa lake. Huyo mama mwambie aje Bujumbura tumwonyeshe maji."

Alicheka mpaka akaanguka kitandani. Mimi pia nilicheka, si uongo. Lakini siku zilikuwa zinakwenda. Nilijaribu peke yangu: nyayo chini, mikono mapajani. Pumzi ya kwanza, mtoto anapiga kelele. Pumzi ya pili, mlango. Ya tatu, nakumbuka kwamba hakuna aliyefunika pipa la maji. Nilikuwa nakaa dakika kumi na kuinuka nimechoka kuliko nilipokaa.

Kilichonisaidia kilikuja bila kuitwa. Alasiri moja mkwe wangu aliacha ungo wa maharage barazani, akakimbilia bomba kwa sababu maji yalikuwa yamerudi. Nilikuwa nimekaa karibu. Mkono wangu ukaingia kwenye ungo wenyewe, kama mkono wa mtu aliyelala unavyoenda kwa mtoto. Mimi macho sina, lakini vidole vyangu ni vya miaka thelathini sokoni. Harage zima ni laini na zito kidogo. Lililotobolewa na mdudu ni jepesi, ukiligeuza unasikia kidonda chake. Jiwe ni baridi. Nikaanza: zima huku, bovu huku, jiwe chini. Watoto walirudi kutoka shule, sikujua. Mkwe wangu alirudi na bido zake, yale madumu ya maji, sikujua. Niliposhtuka ungo ulikuwa umeisha na mabega yangu yalikuwa yameshuka bila kuambiwa. Ndipo nikagundua kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimemsema mtu yeyote kichwani mwangu.

Nikafanya hivyo kila siku. Maharage barazani, baada ya alasiri. Na vidole vilinifundisha kile muuguzi alichosema kwa mdomo. Nilianza kuiona pumzi. Kati ya pumzi iliyoisha na inayokuja kuna nafasi ndogo, kama ile tunayoiacha sokoni kati ya gunia na gunia ili mtu apite kwa ubavu. Nyumba imejaa, mji umejaa, lakini hapo unapita. Wiki tatu baadaye muuguzi alinipima akasema kumi na saba, na akanipiga begani kwa nguvu kama mwanamume.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa mbali asingelielewa. Kwetu, mwanamke aliyeleta mkwe nyumbani haweki mkono kwenye kazi ya jiko. Akiweka, ameshasema. Hana haja ya kufungua mdomo. Mtaa mzima utasoma hapo kwamba mke wa mwanawe ni mvivu, au hajui usafi, au mama huyo ananyanyaswa. Mimi nilijua hayo. Niliyajua vizuri kuliko nijuavyo jina langu, maana nami nilikuwa mkwe wa watu. Lakini nilikuwa nashuka kutoka kumi na tisa, na nikaamua kutoyajua.

Jirani yangu wa nyumba ya pili hakuchelewa. Alisimama kwenye mlango wa uzio, nikajua ni yeye kwa zile ndala zake zinazopiga kofi.

"Ee, mama! Na macho hiyo bado wanakutumikisha?"

"Hakuna anayenitumikisha. Nimependa mwenyewe."

"Ndiyo, ndiyo. Wote tunapendaka wenyewe," akasema, akacheka kile kicheko cha kwenda kusimulia.

Mkwe wangu alikuwa ndani, akisikia. Yeye ni mtoto wa milimani, Kiswahili amekijifunzia kwangu, na tangu alipoolewa ananiita mama, na tangu alipoolewa sijamsikia akipandisha sauti. Mimi nilidhani hana la kusema.

Baada ya siku mbili nikaupata ungo mahali pake, nikaingiza mkono. Maharage yalikuwa safi. Hakuna jiwe, hakuna bovu. Nikapapasa mpaka chini: safi. Kesho yake safi. Alikuwa anaamka kabla ya alfajiri anayachambua yote, hata ya siku ya kesho, ili mtu asinikute nayo mikononi. Alikuwa anatetea jina lake kwa njia pekee iliyobaki.

Ningekuwa mtu wa busara ningelielewa hilo na kuliacha. Nilikasirika. Nilikaa na ungo wa maharage yasiyo na kazi, vidole vikipita juu yake haraka haraka bila kupata pa kusimama, na pumzi ikaanza kukimbia. Nikasikia kifua kinajaa. Nikawaza kumi na tisa, nikawaza daktari, nikawaza kile kidole cha mtoto. Basi nikainama pembeni ya baraza, pale changarawe inapokusanyika chini ya mfereji wa mvua, nikachota mkono mmoja. Nikautia kwenye maharage. Nikachanganya. Halafu nikaanza kuchambua, na nikatulia.

Ndiyo. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anayeswali. Nilitia mawe kwenye chakula cha watoto ili nipate utulivu wa kuyatoa.

Nilifanya hivyo siku nne. Nilikuwa na hakika na vidole vyangu. Siku ya tano, mchana, tulikuwa tunakula. Mwanangu alikuwa amerudi kutoka kwenye mstari wa esansi siku hiyo hiyo, amekaa siku mbili na hakupata. Nikasikia mlio kama wa tawi kavu likivunjika. Kisha sahani imewekwa chini kwa nguvu.

"Ni nini hii?" mwanangu akasema. Akatema kitu mkononi. "Jino yangu! Jiwe! Mi natoka kulala ndani ya gari kama mwizi, nakuja kula kwangu, unanipa mawe?"

"Samahani," mke wake akasema.

"Samahani inaweka jino? We huna macho? Katika nyumba hii mwenye asiyeona ni mama, apana we!"

Watoto walikuwa wote pale. Hakuna aliyetafuna. Nilingoja mkwe wangu aseme kwamba maharage aliyachambua mwenyewe na yalikuwa safi. Hakusema. Nilingoja mimi niseme. Nilikuwa na tonge mkononi. Nikaliweka mdomoni, nikatafuna taratibu, nikameza. Hivyo ndivyo nilivyofanya.

Kuanzia siku ile sikugusa ungo. Nilirudi kwenye kukaa mikono mitupu. Lakini nikifuata pumzi mpaka mwisho wake, pale kwenye ile nafasi ndogo nilikuta jiwe limeshakaa. Nikirudi, lipo. Unaweza kufunga mlango watu wote wabaki nje, lakini uongo unaingia nawe ndani na kukaa kwenye kiti chako. Sikumwambia mtu. Nilimeza vidonge vyangu. Muuguzi akanipima: kumi na nane na nusu.

"Tulikuwa tunashuka," akasema. "Imekuwa nini?"

"Hakuna."

"Mama, mi napima damu, apana maneno. Damu inasema iko kitu."

Daktari wa macho alikuwa anakuja baada ya siku tisa.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mkwe wangu uani anafua. Nilisikia nguo zinavyosuguliwa. Nikasimama hapo. Kusema kweli sijawahi kumwomba radhi mtu aliye chini yangu kwa umri, sikujua maneno yanaanziaje. Nikaanza nilivyoweza.

"Lile jiwe lililovunja jino la mumeo nililitia mimi."

Kusugua kukasimama.

"Nilichota changarawe pale chini ya mfereji. Maharage yako yalikuwa safi. Siku nne nilifanya hivyo, na ulipogombezwa mbele ya watoto wako nilinyamaza."

Aliikamua nguo aliyokuwa ameishika. Kisha akasema, "Nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Hiyo changarawe mi ndo nafagiaka kila asubuhi. Niliona nafasi ya mukono wako pale chini. Na ndani ya ungo mawe ilikuwa ya rangi ileile."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unapumua vizuri. Nilikuwa nakusikiliza kutoka jikoni. Nikasema, kama ni mawe ndiyo dawa yake, acha achambue mawe. Nilikuwa napitisha tena mara ya pili kabla ya kupika. Siku ile nilichelewa kwenye bomba, sikupitisha."

Nilikosa pa kushika. Nilitafuta ukingo wa karo, nikakaa juu yake, unyevu ukaingia kwenye kitenge changu. Nilikuwa nimejidhania kwamba nimepata nafasi yangu peke yangu, kwa vidole vyangu, katikati ya fujo za watu. Kumbe kulikuwa na mtu jikoni ameishikilia ile nafasi isifunge, na akalipa kwa kutukanwa.

Jioni ile, watu wote wakiwa wamekaa kula, nilimwambia mwanangu. Sikuzungusha. Akasema, "Mama, we?" Kisha mjukuu mkubwa akajaribu kuzuia kicheko, akashindwa, na mwanangu naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu upande mwingine ulikuwa bado unauma. Lakini nilimwambia kicheko hakitoshi. Nikamwambia amwombe mkewe radhi pale pale, mbele ya hao hao watoto, kwa sauti ile ile aliyomgombeza nayo. Akafanya. Nami nikafanya baada yake.

Siku zilizobaki nilikaa kila alasiri na mikono mitupu. Haikuwa rahisi kama maharage. Mikono mitupu inatafuta kazi kama kuku. Lakini jiwe halikuwapo tena. Mtoto alipopiga kelele, kelele ilikuja, ikapita, kama mtu anayepita kati ya magunia. Sikuifukuza. Siku nyingine nilisikia mkwe wangu amekuja kukaa kwenye ngazi ya baraza, hasemi, hafanyi kitu. Mwanzoni nilitaka kumwuliza kama amemaliza kupika. Nikafuata pumzi, swali likaisha lenyewe.

Siku ya daktari tuliamka hakuna teksi. Tangi la mwanangu lilikuwa kavu tangu juzi. Tukaenda kwa miguu, mkwe wangu na mimi, yeye mbele, mimi nimeshika ncha ya kitenge chake begani. Kituo cha basi kilikuwa kimejaa watu wanasukumana, mwanamke mmoja analia kwamba ameibiwa zamu. Jua lilikuwa limepanda tulipofika kliniki, na mlangoni kulikuwa na fujo nyingine, mzee mmoja anagomba kwamba jina lake limerukwa. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa kutembea. Muuguzi akaja na mkanda wake.

"Apana sasa," nikamwambia. "Nipe minuti kumi."

"Leo ni we unaniambia mi?"

"Leo ni mimi."

Nikakaa kwenye benchi. Yule mzee aliendelea kugomba. Mtoto alitapika karibu yangu. Mimi nilikuwa nafuata pumzi moja mpaka mwisho wake, halafu nyingine. Sikuomba ishuke. Nilikuwa nimechoka kuomba ishuke. Muuguzi alipima mara moja, akapima ya pili.

"Kumi na sita," akasema. "Kumi na sita kamili. Inuka haraka kabla hujawaza kitu."

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi. Wanakufunika uso kitambaa chenye tundu moja, uko macho, na wanakuambia usitikise kichwa, usikohoe. Daktari alinikumbuka. "Huyu ndiye mama wa maneno," akasema, na akaniomba niyaweke maneno nje kwa nusu saa. Nilisikia maji yakimwagika kwenye jicho na vyuma vikigusana. Hofu ilikuja, ilikuwa kubwa. Sikupigana nayo. Nililala tu pale, nikapumua, ikakaa pembeni yangu mpaka tukamaliza.

Kesho yake asubuhi walinifungua bandeji. Mwanga uliingia mwingi mpaka nikafumba. Nilipofumbua tena, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa ukuta, wenye ufa. Cha pili kilikuwa mkwe wangu, amekaa kwenye kiti mbele yangu, ameegemea mbele, ananingoja niseme kitu. Alikuwa amekonda. Alikuwa na mvi juu ya masikio. Macho yangu yalimwacha bado kijana, na sasa kulikuwa na mwanamke wa makamo pale. Na kwenye mkono wake wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja, kulikuwa na kovu pana, ngozi imejikunja na inang'aa.

"Hiyo ni nini?"

Akauficha mkono chini ya kitenge, kama mtoto aliyekamatwa. "Ni mafuta ya moto, mama. Ni zamani."

"Zamani lini?"

"Siku ile wageni walikuja, mwaka jana. Ile siku sufuria ilianguka."

Niliikumbuka siku hiyo. Nilisikia sufuria ikianguka, na nilipiga kelele kutoka chumbani kwamba mafuta siku hizi hayapatikani.

"Mbona hukulia?"

"Ningelia, ungeuliza mafuta mangapi imemwagika," akasema, na akatabasamu, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja tabia ya mvua.

Nilimwambia autoe ule mkono. Akautoa. Niliutazama kwa jicho langu moja jipya, kutoka juu mpaka chini, sikuharakisha, mpaka nikawa nimeliona kovu lote. Muuguzi akaja na mkanda wake, akasema tupime kabla ya kwenda nyumbani. Nikamwambia leo asipime. Tansiyo ilikuwa juu, nilijua mwenyewe, na leo ilikuwa na haki ya kuwa juu.